Laini ya koplana ya omu 50: shida huwa kwenye masi kuliko kwenye hesabu

Ndugu wa Goma, umeuliza mambo mawili: utumie upana gani kwa laini ya koplana ya omu 50 (utepe wa shaba unaobeba mawimbi ya redio, ukiwa na shaba ya masi, yaani ardhi ya umeme, kando yake pande zote mbili) kwenye FR4, ubao wa kawaida wa bodi za elektroniki, ya unene wa milimita 1.6, na kwa nini kikuza mawimbi chako cha gigahezi 2.4 kinapoteza nguvu wakati hesabu zote zimekubali. La kwanza nalimaliza haraka. La pili ndilo linaloniuma, maana bodi nyingi za Wi-Fi zinazofika mezani kwangu hapa Bukavu zina ugonjwa huohuo.

Vipimo ni hivi: utepe wa kati milimita 1.5, mwanya wa 0.25 kila upande, masi juu pande zote mbili na shaba nzima chini. Kwa FR4 yenye kigezo cha dielektriki cha 4.4 (kinachoonyesha jinsi ubao unavyopunguza mwendo wa wimbi) hiyo ni omu 50. Maikrostripu, yaani utepe wenye masi chini tu bila masi kando, ingetaka upana wa milimita 3 hivi, na huwezi kuusogeza huo kwenye mguu wa chipu. Ukitumia kikokotoo cha KiCad, programu ya kuchora bodi, chagua koplana yenye masi chini. Ile isiyo na masi chini, kama alivyoibuni Cheng P. Wen huko kampuni ya RCA mwaka 1969, ina hesabu yake.

Ukichubua shaba ya bodi kwa mkono, feri kloridi, dawa inayoyeyusha shaba, italamba kingo. Tuseme imelamba 0.05 kila ukingo: utepe unabaki 1.4, mwanya unafika 0.35, laini inapanda hadi omu 55. Wengi huogopa hapo, mimi siogopi. Omu 55 mbele ya 50 hurudisha wimbi lililo chini kwa desibeli 26 kuliko lililoingia, na redio haitajua. Hata karibu na chipu, ukibana utepe uwe 0.5 na mwanya 0.15, utapata omu 63 hivi, lakini kwa urefu wa milimita 2 tu. Wimbi kwenye laini hiyo lina milimita 75. Endelea na kazi.

Sasa masi. Koplana hufanya kazi vizuri pale masi ya kushoto na ya kulia zinapokuwa na volti ileile kila mahali. Zikiachana, linazaliwa wimbi jingine linalosafiri kati ya masi na masi, na nguvu yako inaondoka nalo. Kona ya laini ndiyo huanzisha balaa hilo, kwa sababu mwanya wa nje unakuwa mrefu kuliko wa ndani. Tena ukiwa na shaba chini, kila kipande cha masi ya juu ambacho hakijashonwa vizuri na ya chini kinageuka antena.

Kijana mmoja aliniletea bodi ya namna hiyo. Masi ya upande mmoja ilikuwa kipande chenye urefu wa milimita 30, kimeunganishwa na masi ya chini kwa tundu moja lenye shaba ndani, tena katikati kabisa. Milimita 30 kwenye FR4 ni nusu ya wimbi la karibu gigahezi 2.4. Na katikati ya nusu wimbi volti ni sifuri, kwa hiyo tundu lile halikuwa likizuia chochote. NanoVNA V2, kipimo kidogo cha mawimbi ambacho kinafika gigahezi 3, ilionyesha shimo refu kwenye mstari wa kupita (mchoro wa nguvu inayotoka upande wa pili wa laini), palepale kwenye bendi yake. Tulitoboa kwa kekee ya 0.8 kufuata kingo zote mbili za laini, tundu kila milimita 5, tukapitisha nyuzi za shaba zilizotolewa kwenye kebo ya mtandao, tukalehemu juu na chini. Shimo likatoka kwenye bendi. Utepe wenyewe hatukuugusa.

Kanuni ninayoishika: nafasi kati ya tundu na tundu isizidi sehemu ya kumi ya wimbi ndani ya ubao. Kwa gigahezi 2.4 ni milimita 6, mimi naweka 5. Kwa 5.8 ni 2.5, naweka 2. Kwenye kona weka tundu pande zote mbili, karibu na ukingo kadiri kekee inavyoruhusu. Konekta ya SMA, ile ndogo ya skrubu ya kebo ya antena, nayo ilehemiwe miguu yote minne, juu na chini. Nimeona nyingi zimeshikwa juu tu.

Ukihamia 5.8, fikiria pia ubao wenyewe. FR4 hula karibu desibeli 0.15 kwa kila sentimita, hata kabla ya hasara ya shaba; kwenye 2.4 ni 0.06. Viungo vyetu vya redio vinavuka ghuba za Kivu kutoka rasi hadi rasi, na desibeli iliyopotea mbele ya kipokezi hairudi. Kwa hiyo fupisha laini, au tafuta RO4350B, ubao wenye hasara ndogo, ukiweza kuimudu.

Weka hapa picha ya bodi yako pande zote mbili, na uandike urefu wa kila kipande cha masi ya juu. Usinunue chipu nyingine kwanza. Toa iliyopo, unganisha laini moja kwa moja kwa kipande cha shaba, kisha pima laini peke yake.