Kuhariri data za tovuti ya MySQL kwa Microsoft Access

Umeuliza kama mnaweza kuendelea kutumia Microsoft Access katika kompyuta ya ofisini kusimamia data za tovuti yenu zilizo kwenye MySQL, yaani hifadhidata iliyo kwenye seva ya tovuti. Inawezekana, na kwa ofisi ndogo naiona kuwa njia nzuri, mradi majedwali yaunganishwe kupitia ODBC (njia ya kawaida ya programu kuwasiliana na hifadhidata) badala ya kuingizwa ndani ya faili la Access, kwa kuwa data iliyoingizwa ni nakala tu na mabadiliko yake hayatafika kwenye tovuti. Sakinisha dereva ya ODBC inayolingana na Access yako, yaani ya biti 32 au 64.

Kinachosumbua zaidi ni ufunguo mkuu (primary key), yaani safu inayotambulisha kila rekodi kipekee. Jedwali lisilo na ufunguo wa kipekee hufunguka kwa kusomwa tu, na hata lenye ufunguo linaweza kuonyesha "#Deleted" katika rekodi uliyoiongeza sasa hivi, tatizo ambalo mara nyingi huondoka ukiongeza safu ya aina ya TIMESTAMP, yaani ya tarehe na saa.

Nakusihi sana usiufungue mlango (port) wa 3306, ambao MySQL hupokea miunganisho kwa kawaida, kwa intaneti nzima. Pitisha muunganisho ndani ya SSH (njia ya mawasiliano iliyosimbwa), na utumie akaunti yenye haki juu ya majedwali unayoyahitaji pekee. Access huandika moja kwa moja kwenye majedwali na kuuruka ukaguzi wote uliowekwa katika programu ya tovuti, kwa hiyo masharti muhimu yawekwe ndani ya hifadhidata yenyewe.