Sayansi ya mazingira wiki tatu kabla ya mtihani: chora mishale, acha kukariri fasili

Mkuu, umeuliza urudie vipi dhana za msingi za sayansi ya mazingira ukiwa umebakiwa na wiki tatu. Unasema daftari limejaa, ukilisoma unaona unajua, ukilifunga kichwa kinabaki kitupu. Nilipita hapo hapo, na mara ya kwanza nikafeli. Nilipourudia mtihani nilisoma kurasa chache zaidi na nikafaulu vizuri, kwa hiyo nikueleze nilibadilisha nini.

Kosa langu lilikuwa kukariri fasili. Mfumoikolojia, bayoanuwai, uchafuzi, uendelevu, zote nilizitiririsha bila kigugumizi. Likaja swali: shamba kando ya ziwa limetiwa mbolea nyingi, mvua kubwa imenyesha, wiki chache baadaye samaki wanaelea wamekufa. Eleza kwa nini. Nikaandika kwamba mbolea ni kemikali yenye sumu, imeingia majini ikawaua samaki. Sifuri kati ya alama tano. Iliniuma sana, maana fasili ya jambo lile lile, maji kurutubika kupita kiasi, nilikuwa nimeikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Jibu lenyewe ni mnyororo. Mvua inasomba nitrati na fosfati hadi ziwani. Mwani unapata chakula kingi, unazaliana na kutanda juu ya maji. Mwanga haupenyi, mimea ya chini inashindwa kufanya usanisinuru na kufa. Mwani wenyewe nao haudumu, unakufa na kuzama. Hapo bakteria waozeshaji wanapata karamu, wanaongezeka kwa kasi, na kwa kuwa nao wanapumua, wanaimaliza oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji. Samaki wanakufa kwa kukosa hewa, wala si kwa kunyweshwa sumu. Wengi wanakiruka kiungo cha bakteria na kuandika kwamba mwani ndio uliomaliza oksijeni. Mwani ukiwa hai mchana hutoa oksijeni! Kiungo hicho ndicho msahihishaji anachokitafuta.

Basi nikaanza kurudia hivi: karatasi tupu, dhana moja, daftari limefungwa. Nachora visanduku na mishale, na juu ya kila mshale naandika kinachousukuma. Nikikwama sichungulii, nakaza kichwa dakika mbili tatu, ndipo nafungua daftari na kujaza pengo kwa kalamu nyekundu. Kesho yake nachora upya, na macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye yale mekundu. Siku ya kwanza karatasi yangu ya mzunguko wa nitrojeni ilikuwa nyekundu karibu yote. Siku ya nne ilibaki mistari miwili. Kusoma tena na tena maandishi yale yale hukupa hisia ya kujua kwa sababu macho yameyazoea. Karatasi tupu haikudanganyi.

Sasa mahali pa kutumia muda mwingi. Kwanza kabisa, tenganisha ozoni na ongezeko la joto. Nimewasaidia wenzangu kadhaa baada ya hapo, na karibu kila mmoja aliniambia dunia inapata joto kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka. Hizo ni hadithi mbili. Ya ozoni iko juu, kwenye stratosfia, na inahusu mionzi ya urujuanimno kutoka kwenye jua. Gesi za CFC zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia zinapanda taratibu hadi huko, mionzi inazivunja, atomi ya klorini inachomoka na kuvunja molekuli za ozoni moja baada ya nyingine bila yenyewe kuisha. Wanakemia Molina na Rowland walilieleza jambo hilo mwaka 1974, na Itifaki ya Montreal ya 1987 ikaanza kuzibana gesi hizo. Hadithi ya joto inahusu mionzi ya infraredi inayotoka ardhini. Mwanga wa jua unapita hewani, ardhi inaunyonya, kisha inautoa kama joto. Hewa ukaa, methani na mvuke wa maji vinalinyonya joto hilo na kurudisha sehemu yake chini. Bila kazi hiyo ya gesi joto wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya takriban 15 juu yake. Kwa hiyo usiandike kwamba gesi joto ni mbaya. Tatizo ni kuziongeza.

Watunga mitihani wanapenda kuchanganya zaidi kwa sababu CFC zenyewe pia ni gesi joto, na ozoni iliyo karibu na ardhi ni uchafuzi. Hii ya chini haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari. Inaundwa hewani pale oksidi za nitrojeni na mvuke wa kemikali za kikaboni vinapokutana na mwanga wa jua, na ndiyo maana huitwa uchafuzi wa daraja la pili. Chora karatasi moja yenye ozoni mbili, ya juu na ya chini, na kila moja uiandikie imetokana na nini na inafanya nini. Mimi karatasi hiyo niliibandika mlangoni.

Sehemu ya pili yenye utajiri ni piramidi ya chakula. Kila mtu anajua kwamba takriban asilimia 10 tu ya nishati ndiyo hupanda ngazi inayofuata. Nyasi zikiwa na kilojuli 20,000, walao nyasi wanapata 2,000, wanaowala hao 200, na wa juu kabisa 20. Lakini jiulize nyingine inakwenda wapi, kwa sababu hapo ndipo swali linapojificha. Inapotea kama joto wakati wa kupumua, na nyingine inabaki kwenye sehemu zisizoliwa na kwenye kinyesi. Sasa weka DDT, ile dawa ya kuua wadudu, kwenye piramidi hiyo hiyo. Nishati inapungua ukipanda, sumu inaongezeka. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisimama kabisa kitini. DDT haiozi kwa urahisi, inayeyuka kwenye mafuta na hivyo haitoki na mkojo, na kila mnyama anakula wengi wa ngazi ya chini na kubaki na sumu ya wote. Ndiyo sababu ndege wanaokula samaki ndio waliotaga mayai yenye maganda membamba yanayovunjika. Na angalia maneno: sumu kulimbikizana ndani ya kiumbe mmoja maishani mwake ni jambo moja, na sumu kukolea kadiri unavyopanda ngazi ni jingine. Wakikuuliza la pili ukajibu la kwanza, umepoteza alama.

Nitrojeni usiiogope. Shika tatizo lake tu: asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini atomi zake mbili zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba mimea haiwezi kuitumia hivyo ilivyo. Mzunguko wote ni habari ya nani anaibadilisha: bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde wanaifanya amonia, wengine wanaigeuza nitriti kisha nitrati, na wale wa udongo uliokosa hewa wanairudisha angani. Fosforasi ni rahisi zaidi, haina hatua ya gesi, inatoka kwenye miamba polepole. Tofauti hiyo moja huulizwa sana.

Mahesabu ni machache na hurudi yale yale. Badiliko la asilimia: unagawa kwa thamani ya mwanzo. Hewa ukaa imetoka karibu sehemu 280 kwa milioni kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 420. Tukichukua 420, tofauti ni 140, gawa kwa 280, unapata asilimia 50. Ukigawa kwa 420 unapata 33, na jibu hilo huwekwa makusudi kati ya machaguo. Muda wa idadi ya watu kuongezeka maradufu: gawa 70 kwa asilimia ya ukuaji wa mwaka, kwa hiyo asilimia 2 ni miaka 35. Andika vipimo kila hatua.

Kwenye mikataba usitumie usiku mzima. Montreal ya ozoni, Kyoto ya 1997 na Paris ya 2015 za tabianchi, inatosha kujua kila mmoja unabana nini.

Jingine lililonigharimu ni kitenzi cha swali. "Taja" ni mstari mmoja. "Eleza" ni mishale. "Pendekeza" ndipo nilipokuwa naandika "kuelimisha jamii" kila mara, na karibu kila mara sikupata kitu. Rudi kwenye mnyororo wako, chagua mshale mmoja, useme utaukataje. Kwa lile ziwa: kuacha ukanda wa nyasi na miti kati ya shamba na maji ili mizizi inase virutubisho, au kutotia mbolea mvua kubwa inapokaribia. Msahihishaji anaona wazi kwamba unajua kinachosababisha nini.

Anza leo usiku na hilo ziwa. Soma aya yake mara moja, funga simu, chora. Kesho niandikie hapa ni mshale gani ulikukwamisha, tuuangalie pamoja.