Gari la Kale la Kiingereza: Nikague Nini?

Swali: Mhariri, asalaam aleikum. Jirani yangu hapa Malindi anauza MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya wazi (isiyo na paa la kudumu) ya mwaka 1967, ambayo anasema imekarabatiwa yote, kwa bei ya wakusanyaji wa magari ya kale. Rangi inang'aa kama kioo. Nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Rangi iwe jambo la mwisho kukushawishi. MGB, iliyoundwa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi 1980, haina fremu ya peke yake. Nguvu zake zimo katika bodi yenyewe, hasa vizingiti vilivyo chini ya milango, ambavyo huliwa na kutu kutoka ndani pasipo kuonekana, na upepo wetu wa chumvi hauna huruma. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa laini. Isiponata, pana puti, yaani lipu ya kuzibia mashimo ya bati, chini ya rangi. Kisha fundi ainue upande mmoja kwa jeki, nawe ufungue na kufunga mlango: ukikwama, bodi imelegea, na ukarabati huo ulikuwa wa macho tu.

Injini ya sentimita za ujazo 1,798 isikutie hofu, kwani ni nyepesi kutengenezwa. Bampa ziwe za kromu, maana zile nyeusi za mpira zilianza mwaka 1974. Mwombe pia muuzaji picha zilizopigwa bati likiwa tupu, na ulinganishe namba ya chesisi na ile ya logibuku.