Kupima uso si zoezi

SWALI: Mama yangu amepooza upande mmoja wa uso. Barua ya hospitali inasema kabla ya upasuaji atahudhuria "zoezi la upimaji wa mienendo ya uso". Sahihi ni mienendo, miondoko au harakati? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mpe mama pole. Mienendo sio. Mwenendo ni tabia. Mtoto huwa na mwenendo mzuri, uso hauna. Miondoko ni namna mtu anavyotembea, madaha yakiwemo. Harakati, tuliyoipata kwa Waarabu, ingefaa, ila siku hizi ukiitamka watu husikia siasa. Mimi naandika mijongeo, kutokana na kujongea, maana nyusi na pembe ya mdomo husogea milimita chache tu, na hizo ndizo anazozitafuta daktari.

Lakini ndugu yangu, hilo "zoezi" umeliachaje lipite? Zoea, zoeza, zoezi: ni jambo linalorudiwa hadi mwili au akili ilizoee. Leo tuna zoezi la kuhesabu watu, zoezi la kugawa vyandarua, hata zoezi la mazishi! Nani anazoezwa nini kaburini?

Kwenye maradhi haya neno hilo linaumiza watu. Shangazi yangu alipopooza uso alipewa karatasi: "Zoezi la uso, Jumatatu saa tatu." Jumatatu saa tatu akaketi sebuleni mbele ya kioo, akavimbisha mashavu, akajaribu mluzi, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa viungo. Huko hospitali daktari alikuwa anamsubiri na kamera. Akapangiwa tarehe nyingine baada ya wiki sita, na wiki zote hizo alikunywa chai ameziba pembe ya mdomo kwa kidole. Hakukosea. Alisoma Kiswahili kama kilivyo.

Kupima ni kazi nyingine. Katika kipimo cha uso kiitwacho Sunnybrook, mgonjwa huambiwa ainue nyusi, afumbe macho taratibu, atabasamu mdomo wazi, akunje pua kama aliyenusa uvundo, kisha achongoe midomo. Upande unaougua hulinganishwa na mzima, na huangaliwa kama jicho linajifumba lenyewe anapotabasamu. Uso usiougua hupata alama 100. Kipimo cha madaktari House na Brackmann, cha mwaka 1985, kina madaraja sita. La sita ni upande usiosogea kabisa. Alama hizo humsaidia mpasuaji kupanga kazi, na baadaye kujua kama msuli aliouhamisha kutoka pajani hadi shavuni unainua kweli pembe ya mdomo. Mgonjwa hazoezwi chochote hapo. Anatazamwa, anaandikiwa alama, anarudi nyumbani. Mazoezi ni yale ya kila siku mbele ya kioo.

Barua ingesema tu: "Mama atapimwa mijongeo ya uso." Mwambie aende, na afike mapema.