Mwana wa Nyumbani Anapogeuka Mbwamwitu: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu mjibuji, salaam. Kibanda cha video kilicho jirani nasi hapa Jinja kimekuwa kikionyesha filamu za watu wanaogeuka mbwamwitu, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiganda na vijei (wasimulizi wanaotia sauti zao juu ya filamu), na binti yangu wa miaka 14 hazimpiti. Damu hainisumbui sana, kwa maana ameshaiona katika filamu nyingine. Linalonisumbua ni kwamba kila mara anayeua, au anayeuawa, ni mtu wa nyumba hiyo hiyo: baba, mke, dada. Mama mkwe wangu anasema kwamba hizo ni habari za abasezi tu, wale wachezaji wa usiku wanaodaiwa kula maiti, zilizovalishwa suti. Je, ni kweli? Na kwa nini watunzi wa filamu hizo hawaziachi familia zikae kwa amani?
Mama wa watoto watatu, Jinja

JIBU: Dada yetu, mama mkwe wako ameona mbali, ingawa ipo tofauti moja kubwa ambayo nitaifikia. Tuanze na filamu iliyowachorea njia watunzi wengi waliofuata, yaani The Wolf Man, iliyotolewa na kampuni ya Universal ya Marekani mwaka 1941, ikaandikwa na Curt Siodmak na kuongozwa na George Waggner. Larry Talbot, ambaye anaigizwa na Lon Chaney Jr., anarudi kwao Wales baada ya kukaa mbali kwa miaka 18, kwa sababu kaka yake mkubwa amefariki na baba yao, Sir John, amebaki peke yake na jumba kubwa na jina la ukoo. Haupiti muda anaumwa na mbwamwitu msituni. Anajaribu kumweleza baba yake yanayompata, lakini mzee huyo, msomi mwenye darubini ya kutazamia nyota, anaamini kwamba kijana ana ugonjwa wa akili tu na kwamba akitulizwa atapona.

Usiku wa mwisho mzee anamfunga mwanawe kwa mikanda kwenye kiti, kisha anajiandaa kwenda kuungana na wawindaji. Larry hamwombi amfungue. Anamsihi achukue ile fimbo yenye kichwa cha madini ya fedha, na mzee anaichukua, pengine kwa kumridhisha mgonjwa. Kule msituni anakutana na mnyama anayemkaba msichana, naye anampiga kwa fimbo hiyo mpaka anatulia. Ndipo anapofika Maleva, mama mzee wa Kiroma (jamii ya wahamaji wa Ulaya) ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa ameuawa na Larry kwa fimbo hiyo hiyo, akatamka maneno ya kumuaga marehemu, na manyoya yakaanza kutoweka mpaka Sir John akauona uso wa mwanawe. Mkuu wa polisi anapofika, anatangaza papo hapo kwamba mbwamwitu alimshambulia msichana na Larry akaja kumwokoa. Hakuna anayempinga. Mimi naona kwamba hapo ndipo filamu inapotisha kuliko mahali pengine pote, kwa sababu jina la ukoo linasafishwa kabla maiti haijapoa, na baba aliyeua ndiye anayebaki na ukweli kifuani mwake.

Sasa swali lako la kwa nini familia. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1935, filamu iitwayo Werewolf of London ilikwisha kulitamka jambo hilo waziwazi: mtu aliyegeuka mbwamwitu humtafuta kwanza yule anayempenda zaidi ili amuue, na kwa mtaalamu wa mimea anayesimuliwa humo, aliyeumwa huko Tibet, mtu huyo ni mke wake. Mtunzi anajua kwamba mgeni akiuawa njiani tutashtuka kisha tutasahau, lakini mume akikwaruza mlango wa chumba anamolala mkewe hatusahau, kwa kuwa mke huyo anaijua sauti iliyo nyuma ya mlango na ufunguo uko mkononi mwake. Afungue au asifungue? Swali hilo haliwezi kuulizwa kuhusu mtu baki.

Kuhusu abasezi, mama mkwe wako anajua kwamba katika Buganda na Busoga wachezaji hao wa usiku, wanaodaiwa kufukua maiti na kuzila, husemwa kwamba wameurithi mwenendo huo katika nyumba zao, na ndiyo maana wazee huulizia ukoo kabla mahari haijazungumzwa. Ulaya nako, tuhuma za namna hiyo hazikumwacha mtu mmoja abebe mzigo peke yake. Mwaka 1589, karibu na mji wa Cologne nchini Ujerumani, Peter Stumpp alikatwa kichwa na mwili wake kuchomwa moto kwa kudaiwa kuwa alijigeuza mbwamwitu, baada ya kukiri chini ya mateso na vitisho vya mateso, na binti yake na mwanamke aliyeishi naye wakauawa pamoja naye.

Tofauti niliyoitaja ni hii: kwetu tuhuma huja na watu. Kuna ssenga, yaani shangazi, kuna wazee wa ukoo, kuna majirani wanaojua nani alipita wapi saa nane za usiku. Katika filamu nyingi za Marekani na Uingereza nyumba imetengwa na ukungu na msitu, na mwenye tatizo hana shangazi hata mmoja wa kumkimbilia. Laiti Larry Talbot angekuwa na kikao cha ukoo, filamu ingeisha mapema zaidi, ingawa sithubutu kusema kwamba ingeisha vizuri zaidi. Binti yako anapotazama, muulize familia ile ingemwita nani usiku ule, na utashangaa jinsi mazungumzo yatakavyokwenda mbali.

SWALI: Je, hakuna filamu ambayo familia inaishi na mtu wa namna hiyo bila kumuua? Nimechoka na risasi.
Kijana, Mbale

JIBU: Zipo, na nyingine ni za kuchekesha. Katika Teen Wolf ya mwaka 1985, kijana anayeigizwa na Michael J. Fox anajifungia bafuni baada ya kuota manyoya, baba yake anabisha hodi, na mlango unapofunguliwa baba naye yuko vilevile. Mzee anaeleza kwamba alinyamaza akitumaini kwamba jambo hilo lingemruka mwanawe. Ni filamu nyepesi, lakini kosa la mzee yule si jepesi, na nadhani wazazi wengi wanalifahamu.

Ginger Snaps, ya Kanada, ya mwaka 2000, ni kali zaidi. Ndani yake kuna dada wawili walioapa kutoachana, na mkubwa anaanza kugeuka katika siku zile zile anapovunja ungo. Baba hajui lolote mpaka mwisho. Mama, ambaye tangu mwanzo ameonyeshwa kama mtu wa kuchekwa, anapogundua kwamba binti zake wamehusika na kifo, anaamua kuijaza nyumba gesi, aiwashe kiberiti, kisha akimbie na wanawe. Hatekelezi, lakini hasiti kuamua.

Ninayoipenda kuliko zote ni Wolf Children, filamu ya katuni ya Kijapani iliyoongozwa na Mamoru Hosoda mwaka 2012. Hana, mwanafunzi wa chuo kikuu, anampenda mwanamume ambaye anamfunulia siri yake kabla hawajazaa, naye anaipokea. Wanapata watoto wawili, Yuki na Ame, kisha baba anakufa akiwa katika umbo la mbwamwitu, na wafanyakazi wa usafi wanauchukua mwili wake katika gari la taka huku mjane akizuiwa kuusogelea, kwa sababu hawezi kuwaambia kwamba yule ni mume wake. Siku moja Yuki anameza kitu kisicholiwa. Hana anambeba mbio usiku hadi mahali ambapo hospitali ya watoto na hospitali ya mifugo zinatazamana, akasimama katikati ya barabara asijue aingie ipi. Hakuna mnyama anayenguruma katika tukio hilo, wala hakuna damu, na bado sijaona picha inayoeleza vizuri zaidi adha ya mzazi ambaye mtoto wake hana fungu katika madaftari ya serikali. Baadaye maofisa wa ustawi wa jamii wanabisha hodi kuuliza kwa nini watoto hawajachanjwa, naye anahamia kijijini, ambako mzee mmoja mkali anamfundisha kulima viazi. Watoto wanapokua, Yuki anachagua kuishi kama binadamu, na Ame anakwenda mlimani. Mama hampigi risasi yeyote. Anawaachia wachague, na inamuuma.

SWALI: Mbalamwezi na risasi za fedha ni mila za kale za Ulaya, au ni mambo ya sinema?
Mwalimu, Arua

JIBU: Mwalimu, kwa sehemu kubwa ni mambo ya sinema. Masimulizi ya kale yanataja mshipi wa ngozi, marhamu ya kujipaka, au hasira ya mungu, kama ilivyo kwa mfalme Likaoni katika shairi la Ovidi, mshairi wa Roma ya kale. Fedha ilitajwa hapa na pale katika ngano, lakini filamu ile ya 1941 ndiyo iliyoifanya kanuni. Shairi linalokaririwa humo, ambalo wengi hudhani ni la kale, alilitunga Siodmak mwenyewe, nalo linataja mwezi wa majira ya kupukutika majani. Katika filamu iliyofuata mwaka 1943 maneno yalibadilishwa, ukawa mwezi mpevu. Mabadiliko hayo yaliwafaa sana watunzi wa habari za familia, kwa kuwa mwezi mpevu una tarehe: mke anaweza kuhesabu siku, kununua mnyororo, na kuwapeleka watoto kwa bibi yao.

SWALI: Nina wajukuu wa miaka minane na tisa. Ipi wanaweza kutazama?
Babu, Fort Portal

JIBU: Mzee wetu, waonyeshe Wolfwalkers, katuni ya Ireland ya mwaka 2020, inayosimulia habari za mji wa Kilkenny mwaka 1650, ambako baba ameajiriwa kuwaua mbwamwitu huku binti yake akianza kuwa mmoja wao kila anapolala. Wolf Children nayo inafaa, ila kifo cha baba huja mapema, kwa hiyo keti nao katika nusu saa ya kwanza. Ginger Snaps isubiri mpaka wawe watu wazima, na filamu ya 1941, ingawa haina damu nyingi, itawafaa watakapokuwa na umri wa kuuliza kwa nini yule mkuu wa polisi alidanganya.