Ndiyo, alikuwepo: Joseph Beyrle

Uliyeuliza kama kweli kuna askari wa mwavuli Mmarekani aliyepigana pia kwenye jeshi la Wasovieti katika Vita vya Pili vya Dunia: ni kweli kabisa. Aliitwa Joseph Beyrle, mzaliwa wa Muskegon, Michigan, 1923.

Alikuwa Divisheni ya 101, ya askari wa mwavuli wa jeshi la Marekani. Usiku wa kuamkia 6 Juni 1944 aliruka Normandy, Ufaransa, akatua juu ya paa la kanisa la Saint-Côme-du-Mont. Siku chache baadaye Wajerumani wakamkamata. Nyumbani, wazazi wake wakaletewa taarifa kuwa amefariki, wakamfanyia misa ya marehemu.

Kumbe yu hai. Januari 1945 alitoroka kambi ya wafungwa akafuata mlio wa mizinga upande wa mashariki. Aliwatokea Wasovieti mikono juu, ameshika pakiti ya sigara za Lucky Strike, akijitambulisha kwa Kirusi cha kuokoteza kuwa ni komredi Mmarekani. Hebu fikiria ujasiri huo! Halafu hakuomba arudishwe kwao. Aliomba apigane nao. Wakampokea kwenye kikosi cha vifaru, na vifaru vyenyewe vilikuwa Sherman za Marekani. Alipigana hadi mabomu ya ndege za Kijerumani yalipomjeruhi. Hospitalini, Marshali Zhukov mwenyewe, kamanda mkuu wa Wasovieti, alimtembelea, akampatia barua ya kumfikisha Moscow.

Mwaka 1946 alifunga ndoa, na aliyemfungisha ni padri yuleyule aliyeongoza misa yake. Mwanawe John alikuwa balozi wa Marekani nchini Urusi, 2008 hadi 2012.