Lenzi pana imekupindia ukuta? Jua kwanza kilichopinda

Ukipata kazi ya kupiga picha vyumba vya hoteli pale Mji Mkongwe, Zanzibar, huna ujanja, lenzi pana lazima. Majengo ya kale ya pale yameezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita 3 hivi. Jibanze ukutani na lenzi ya milimita 50 uone (milimita zikipungua, lenzi huona pana zaidi): utatoka na nusu ya kitanda. Kwa hiyo utaishia kwenye milimita 16 au 18, na ukifika kwenye kompyuta utakuta mlango umetuna.

Usikimbilie programu. Kasoro ziko tatu na dawa zake hazifanani.

Moja ni ya lenzi yenyewe: mstari ulionyooka unatoka umepinda. Lenzi pana nyingi huutunisha kwenda nje kama ubavu wa pipa, na kadiri mstari unavyokaribia ukingo wa picha ndivyo unavyopinda. Ya pili umeileta wewe kwa kuinua au kuinamisha kamera: nguzo zinaegemeana. Zitazame vizuri, zimenyooka kabisa, ila hazisimami wima. Ya tatu haina wa kulaumiwa. Ukilazimisha mandhari pana yakae kwenye picha bapa, vitu vya pembeni lazima vivutwe.

Kinachorekebishwa na profaili ya lenzi, yaani vipimo vya jinsi lenzi fulani inavyopinda mistari, ni ile kasoro ya kwanza tu. Lightroom, programu ya kulipia ya kuhariri picha, inayo sehemu hiyo. Kama hutaki kulipia, darktable na RawTherapee ni za bure na zote hutumia Lensfun, hazina ya vipimo vya lenzi vilivyochangwa na wapiga picha wenyewe. Programu husoma taarifa za EXIF ndani ya faili, yaani kamera gani, lenzi gani, umepiga kwa milimita ngapi, kisha inachukua vipimo vinavyolingana. Hiyo milimita ina uzito wake, kwa sababu lenzi moja ya zoom inaweza kutunisha mistari ikiwa pana, halafu ikaibonyeza ndani ukiivuta.

Ndiyo maana picha uliyotumiwa kwa WhatsApp inasumbua. EXIF imefutwa, na programu haina pa kuanzia. Mwombe mtu akutumie faili halisi kama dokumenti. Ikishindikana, GIMP, programu nyingine ya bure, ina kichujio cha kunyoosha kwa mkono, lakini kinataka picha ambayo haijakatwa. Hesabu zote huanzia katikati ya picha. Ukishakata upande mmoja, katikati ya picha si katikati ya lenzi tena. Basi ufuate mpangilio huu: nyoosha lenzi, kisha simamisha nguzo, kukata kuje mwisho.

Angalia pia usirekebishe mara mbili. Kamera nyingi za siku hizi hunyoosha JPEG zenyewe, na za Micro Four Thirds, aina ya kamera zenye sensa ndogo, huweka maelekezo ya kunyoosha hata ndani ya faili ghafi ya RAW, programu nyingi zikayafuata bila kukuuliza. Ukiona baada ya kuweka profaili mistari imeanza kubonyea ndani, kazi ilikuwa imeshafanyika. Ondoa profaili hiyo.

Sasa utapimia nini? Hapa Mji Mkongwe unadanganya. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazijanyooka tangu zijengwe, na boriti ni miti, ina mabonde yake. Mgeni anaweza kumaliza jioni nzima akinyoosha ukuta ambao hata fundi aliyeujenga hakuunyoosha! Pimia fremu ya dirisha la alumini, ukingo wa televisheni au mistari ya marumaru za bafuni. Washa gridi, tazama mstari ulio karibu na ukingo, maana wa katikati hauonyeshi kitu. Na usishangae ukikuta lenzi ambayo mstari wake unatuna katikati halafu unageuka ukikaribia pembe. Hiyo huiwezi kwa kitufe kimoja cha kuburuta, inataka profaili.

Kila kunyoosha kuna gharama. Kingo zinavutwa nje kisha zinakatwa, na pembe hupoteza ukali kidogo kwa sababu pikseli chache zimetandazwa mahali pakubwa. Ukiwa chumbani acha nafasi pembeni, zaidi ya unayodhani inatosha, na kamera iwe usawa wa kifua, bila kuiinua wala kuiinamisha. Nguzo zikiwa wima tangu mwanzo utakuwa umejiokolea kazi nyingi. Za jengo refu lililopigwa kutoka chini nisingezisimamisha mpaka ziwe wima kabisa. Jengo huonekana limekuwa kubwa juu kuliko chini. Mimi huacha mwegamo kidogo.

Watu ni habari nyingine, na ndipo wanaoanza wanapoharibu picha za harusi. Kutuna kwa lenzi hubana vitu vya pembeni. Ukiondoa kutuna huko, unavivuta, na shangazi aliyesimama mwisho wa mstari ananenepa mbele ya macho yako. Si hisia tu, hesabu zipo: kwa lenzi iliyonyooshwa ya milimita 16 kwenye sensa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, kichwa kilicho ukingoni kabisa hutanuka upana mara 1.5 kikilinganishwa na urefu wake. Kwa milimita 24 ni mara 1.25, na kwa 35 ni kama 1.12. Picha ya ukumbi mtupu inyooshe mpaka mwisho. Ya familia kwenye jukwaa, punguza kiwango cha profaili au izime kabisa. Hakuna atakayekagua mstari wa pazia, lakini kila mtu atatafuta uso wake kwanza. Kama ukumbi unaruhusu, rudi nyuma hatua kadhaa na upige kwa milimita 35, na wenye miili mikubwa wasogeze katikati kabla hujabonyeza.